BUSTANI YA NYUMBANI: Nyanya zikiugua, tusikimbilie sumu



Jumapili moja ya mwezi wa Novemba, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa parokia yetu aliningoja mlangoni mwa kanisa. Mkononi alishika majani mawili ya nyanya, ameyafunga katika kitambaa safi kama mtu aliyebeba dawa. Alinisalimu, kisha akaniambia: “Mwalimu, nyanya zangu zinakufa. Baba watoto amekwisha kununua sumu sokoni, na leo jioni ataimwaga juu ya bustani nzima. Ninakuomba uje kuzitazama kwanza.”

Nyumba yao iko juu ya kilima kinachotazama ziwa Kivu. Huko mvua huanza mwezi wa Septemba na kuendelea mpaka Mei, na siku nyingi majani ya mimea hubaki yamelowa hata jua likiwa limekwisha kupanda. Bustani yenyewe si kubwa: mistari minne, na katika kila mstari minyanya kumi na miwili, jumla yake 48. Lakini mama huyu alikuwa amekwisha kuipangia kazi. Nyanya za Desemba zilikuwa minervali ya binti yake wa kwanza aliye katika shule ya sekondari, na zile ndogo zisizopata mnunuzi zilikuwa kitoweo cha nyumbani. Watoto wake wadogo walikuwa wakizunguka katika mistari. Mmoja wao alichuma nyanya nyekundu, akaipangusa kwenye shati, akaila mbele ya macho yetu.

Baba wa nyumba akanionyesha ile sumu. Ilikuwa unga mweupe ndani ya mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa fundo. Haikuwa na jina, wala maandishi, wala kipimo. “Mwuzaji alisema ni dawa ya kila ugonjwa wa nyanya,” alisema.

Basi, hapo ndipo nilipoamua kuandika habari hii kwa ajili yenu wote, kwa maana jamaa nyingi zinafanya kama alivyotaka kufanya baba huyu, tena kwa nia njema kabisa. Dawa ya kila ugonjwa haiko. Mnyanya unaweza kuumwa na mdudu, au na kuvu, au na bakteria, au na virusi, au unaweza kuteseka kwa kukosa maji tu. Sumu iuayo wadudu haigusi kuvu. Dawa ya kuvu haizuii virusi. Na mnyanya wenye kiu, hata ukiumwagia sumu ya nchi nzima, bado unataka maji. Mwenye kunyunyiza bila kujua ugonjwa amepoteza feza yake, na pengine amewalisha watoto wake sumu juu ya nyanya ambazo hazikuihitaji.

Nikamwomba baba aweke mfuko wake juu ya paa la jiko, mahali watoto wasipofika, na tukaanza kutazama mmea mmoja mmoja, kuanzia ile iliyo mizima na kuishia kwa ile iliyo migonjwa zaidi. Shikeni mpango huo, kwa sababu mikono, jembe na kisu hubeba ugonjwa. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana, nilipewa kutunza bustani ya shule moja. Kila asubuhi nilianza na mistari iliyonyauka, maana niliihurumia, kisha nikaenda kwa ile mizima na kisu kilekile. Katika majuma machache nilikuwa nimeipandikiza maradhi bustani yote, na bado nilikuwa nikiilaumu mvua.

Katika mistari mitatu ya juu tuliona jambo moja karibu kila mahali. Majani ya chini, yale ya zamani, yalikuwa na mabaka ya rangi ya kahawia, na ndani ya kila baka kulikuwa na duara ndani ya duara, kama mawimbi yafanywayo na jiwe lililotupwa majini. Pembeni ya baka jani lilikuwa la manjano. Majani ya juu yalikuwa ya kijani na mazima. Huo ni ugonjwa wa kuvu, na wataalamu huuita Alternaria. Hukaa katika mabaki ya majani makavu ya msimu uliopita, na mvua ikipiga udongo, matone huurusha mpaka kwenye majani ya chini. Ndiyo sababu huanza chini na kupanda polepole.

Mama akauliza: “Je, niing’oe yote?” Hapana! Minyanya hiyo ni ya kuponywa. Mnakumbuka yule mtunza bustani katika Injili ya Mtakatifu Luka, ambaye bwana wake alitaka kuukata mtini usiozaa. Alimwomba auache mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi. Hakusali tu, wala hakuuacha mtini peke yake. Aliahidi kazi ya jembe. Na kazi ya mama huyu ilikuwa kama ifuatavyo.

Tulingoja mpaka jua lilipokausha majani, kwa maana kugusa minyanya iliyolowa ni kupanda ugonjwa kwa vidole. Tukakata majani yote yenye mabaka na yale yanayogusa udongo, tukiyatia katika kikapu na kamwe si chini. Lakini tuliangalia tusitoe zaidi ya theluthi ya majani ya mmea kwa siku moja, kwa sababu jani ndilo jiko la mmea. Ukiyaondoa yote, utapikia wapi? Ile iliyokuwa na mabaka mengi tuliipunguzia nusu ya ugonjwa, nusu ya pili ikangoja juma lililofuata. Kisu tulikiosha kwa maji ya sabuni kila tulipomaliza mmea mmoja. Majani ya kikapu yalianikwa mbali na bustani, yakachomwa jioni.

Kisha tukapandisha udongo. Jambo hili wengi hawalijui, nalo ni zuri sana. Shina la mnyanya lina uwezo wa kutoa mizizi popote linapoguswa na udongo wenye unyevu. Ukiangalia vizuri utaona vinundu vidogo chini ya shina. Hivyo ni mizizi inayongoja nafasi. Basi mmea uliopoteza majani yake ya chini, ukiuwekea udongo kiasi cha kiganja kuzunguka shina, pamoja na samadi iliyooza vizuri, utapata mizizi mipya, na kwa mizizi mipya nguvu mpya. Nasema samadi iliyooza. Samadi mbichi ya ng’ombe au ya kuku huunguza mizizi, tena samadi nyingi mno huleta majani mengi na nyanya chache.

Juu ya udongo huo tukatandika majani makavu ya mgomba, unene wa vidole vinne, tukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina lisioze. Majani hayo ni kama mkeka: mvua ikinyesha, matone hayapigi tena udongo, na kuvu hairuki. Mwisho tukafunga kila mmea kwenye fimbo ya tete, urefu wa mtu, kwa kamba ya mgomba iliyolegea. Minyanya ilalayo chini haikauki kamwe, na bila kukauka haitapona.

Ninyi wanafunzi mtauliza: dawa iko wapi? Dawa ya kuvu iko, lakini ni ya kukinga, si ya kufufua. Inaitwa maji ya Bordeaux, kwa jina la mji wa Ufaransa. Habari yake inafurahisha. Huko Médoc, karibu na Bordeaux, wakulima walikuwa wakipaka mizabibu iliyo kando ya barabara mchanganyiko wa chokaa na sulfati ya shaba, ile chumvi ya rangi ya bluu, ili wapita njia waione imechafuka na waogope kuiba zabibu. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Pierre Millardet, aliona kwamba mizabibu hiyo ya kando ya barabara ilibaki na majani yake, wakati mingine ilipokuwa imeharibiwa na kuvu. Akaipima sawasawa, na mwaka 1885 akautangaza mchanganyiko huo. Hivyo hila dhidi ya wezi imekuwa msaada wa mashamba duniani kote.

Kwa bustani ya nyumbani, vipimo ni hivi: gramu 100 za sulfati ya shaba katika lita 5 za maji, na gramu 100 za chokaa isiyozimwa, au 150 ikiwa imekwisha kuzimwa, katika lita 5 nyingine. Tumia ndoo ya plastiki au chungu, si chombo cha chuma, kwa kuwa shaba hukila chuma. Chokaa isiyozimwa huchemka ikikutana na maji, basi itie kidogo kidogo, ukilinda macho, na watoto wakae mbali. Maji yakipoa, mimina ya shaba polepole ndani ya yale ya chokaa, ukikoroga, kisha chuja kwa kitambaa. Mbele ya kunyunyiza, chovya msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, kwa maana maji hayo yangeunguza majani. Yanyunyize siku ileile, juu na chini ya jani, siku isiyo na mvua. Vaa mikono mirefu, funika pua na mdomo, ufuate siku za kungoja zilizoandikwa juu ya paketi, na nyanya zioshwe vizuri mbele ya kuliwa. Masalio yasimwagwe katika kijito, maana shaba huua samaki. Wala isiwe desturi ya kila siku tatu: shaba haiozi, hubaki katika udongo miaka na miaka.

Turudi sasa bustanini. Mstari wa nne, ulio chini ya mteremko, ulinihuzunisha. Huko maji ya mvua hukusanyika, na minyanya mitano ilikuwa imelegea kabisa, kama nguo iliyoloweshwa. Lakini majani yake hayakuwa na baka hata moja, yalikuwa bado ya kijani. Mama alisema: “Hii inataka maji tu. Jana jioni iliinuka kidogo, leo imelala tena. Nimeimwagilia mara mbili.”

Nikaomba gilasi ya maji safi. Nikang’oa mmoja, nikakata kipande cha shina karibu na mzizi, nikakishika kining’inie ndani ya maji bila kutikisika. Watoto wakakusanyika. Haukupita muda mrefu, uzi mwembamba mweupe ukaanza kushuka kutoka penye jeraha la shina, kama maziwa, kama moshi unaokwenda chini badala ya kupanda. Mtoto mkubwa akasema: “Unatoa usaha.” Hakukosea sana. Uzi ule ni bakteria kwa maelfu ya maelfu, wamejaa katika mishipa ya mmea na kuiziba, hata maji hayawezi kupanda. Jina lao ni Ralstonia. Kila mwanafunzi aweza kufanya jaribio hili nyumbani, na mwenye kulifanya hatatupa tena feza yake kwa ugonjwa huu, kwa sababu atajua kwamba dawa yake haiko.

Nilimwambia mama ukweli huo, naye akanyamaza kitambo. Mitano ile ilikuwa na nyanya nyingi mbichi. Mmoja nilihesabu kumi na tisa. Akaniuliza kama tungeweza kuiacha mpaka nyanya ziive. Nilielewa swali lake, kwa maana niliona anahesabu minervali moyoni. Lakini kila siku mmea huo unapobaki udongoni, mizizi yake humwaga ugonjwa, na mvua huupeleka kwa jirani. Wale mnaolima migomba katika Kivu mmejifunza somo hilo kwa machozi tangu miaka ya 2000, mnyauko wa migomba ulipoingia mashambani. Mdudu wa ugonjwa ule ni mwingine, lakini sheria ni moja: shina lililougua litolewe upesi, na chombo kisafishwe.

Mama mwenyewe ndiye aliyeing’oa. Tuliitoa pamoja na mizizi na udongo wake, tukaitia katika gunia ili isidondoshe kitu njiani, ikapelekwa mbali na bustani, ikakaushwa na kuchomwa. Zile nyanya mbichi zilizo nzima alizichukua jikoni, kwani ugonjwa huu haumdhuru mtu. Maganda na mbegu zake zikatupwa motoni. Tulichimba mfereji mdogo juu ya mahali pale, maji yasipite hapo kwenda penye minyanya mingine. Jembe likaoshwa na kupitishwa motoni, miguu ikaoshwa. Na mahali hapo, kwa miaka mitatu au zaidi, hapatapandwa nyanya, wala viazi vya kizungu, wala biringanya, wala pilipili, wala tumbako, kwa sababu mimea hiyo yote ni jamaa moja na huambukizana. Mahindi yatafaa, na vitunguu, na kabichi.

Kulikuwa na vitu vingine vidogo. Nyanya kadhaa zilikuwa na kitako cheusi kilichokauka kama ngozi ya kiatu. Baba alidhani ndio ugonjwa mkubwa kuliko yote, kumbe si ugonjwa wa kuambukiza hata kidogo. Mmea uliopata maji mengi leo na kukosa kesho hauwezi kupeleka chokaa ya udongo mpaka kwenye tunda. Nyanya hizo huondolewa, udongo hufunikwa kwa majani makavu, maji hutolewa kwa kipimo kilekile, na zinazofuata hutoka nzima.

Katika mimea mitatu tulikuta majani yenye madoa meupe yaliyokaa kama karatasi nyembamba. Ukiliweka jani penye jua, unamwona mdudu mdogo akitembea katikati ya ngozi mbili za jani, na kinyesi chake cheusi nyuma yake. Huyu ni mtoto wa kipepeo mdogo wa rangi ya majivu aitwaye Tuta. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, baadaye akavuka bahari mpaka Afrika ya Kaskazini, na mwaka 2014 alikuwa amekwisha kufika Kenya na Tanzania. Sasa nchi zetu za Maziwa Makuu zinamfahamu. Jike mmoja aweza kutaga mayai 200 na zaidi, na sumu nyingi za dukani amekwisha kuzizoea, hata hazimwui. Lakini vidole vya mtoto mwenye macho mazuri havijazoelewa na mdudu yeyote! Kila juma mara mbili, watoto wachume majani yenye madoa hayo na nyanya zenye tundu dogo karibu na kikonyo, wazifunge katika mfuko wa plastiki usio na tundu, mfuko uwekwe juani siku nyingi mpaka kila kitu ndani kife. Usiku, taa juu ya besani ya maji yenye sabuni huvuta vipepeo wengi wakazama.

Kwa vidukari, wale wadogo wanaojazana chini ya machipukizi, maji ya sabuni yatosha: gramu 50 za sabuni ya kufulia katika lita 10 za maji, yanyunyizwe jioni chini ya majani, na kwanza kwenye mmea mmoja tu, uone kama haungui. Tena kuna wale wanaotumia majani ya utupa yaliyotwangwa. Ni kweli yanaua wadudu, lakini wavuvi wanajua kwamba yanaua samaki vilevile, basi utupa usikaribie mto wala ziwa, wala chombo chake kisirudi jikoni.

Babu wa nyumba hiyo, mzee mwenye heshima sana, alikuwa amekaa kivulini akivuta kiko chake na kutupa mashauri. Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba tumbako inaweza kubeba virusi vya mozaiki, vile vinavyoyafanya majani ya nyanya kuwa na madoadoa ya kijani na manjano na kujikunja, na kwamba mkono uliojaza kiko huvipeleka kwenye mmea. Aoshe mikono kwa sabuni mbele ya kugusa minyanya. Mzee alicheka, akasema tangu leo atailinda bustani kwa kutoigusa.

Ugonjwa mmoja hatukuukuta siku ile, namshukuru Mungu, lakini lazima niutaje, kwa maana mvua baridi za vilima vyetu huupenda. Wakulima wetu huuita mildiu. Ishara zake si duara ndani ya duara: ni mabaka makubwa yenye maji, meusi au ya kahawia, popote penye mmea, hata juu kabisa na kwenye shina, asubuhi, chini ya jani, huonekana utando mweupe kama unga. Nyanya zenyewe hupata baka gumu la kahawia. Ugonjwa huu hautembei polepole, hukimbia. Ndio uliooza viazi vya nchi ya Irlandi tangu mwaka 1845, na katika njaa iliyofuata watu kama milioni moja walikufa. Ukiuona katika mimea michache, ing’oe siku hiyo, uichome, na ile iliyobaki uikinge kwa maji ya Bordeaux kabla ya mvua nyingine. Zaidi ya hayo, jamaa zilizo na turubai au plastiki ziijengee minyanya paa dogo juu ya fimbo nne, pande zote zikiwa wazi kwa upepo. Mildiu yahitaji jani lililolowa. Jani kavu haliwezi.

Tulipomaliza kazi ilikuwa karibu saa kumi. Baba akashusha ule mfuko wa unga kutoka juu ya paa, akautazama. Nilimwuliza: “Baba, sumu hii yangoja siku ngapi mbele ya nyanya kuliwa?” Hakujua. Na nani angejua, maana haikuwa na maandishi? Kuna sumu zinazotaka siku tatu, nyingine siku kumi na nne na zaidi, na siku hizo huandikwa juu ya chupa au paketi. Asiyeziona asinunue. Wazee watakumbuka unga wa D.D.T. uliosifiwa zamani katika kila gazeti, na kumwagwa majumbani na mashambani. Baadaye ilijulikana kwamba hubaki katika udongo, katika mafuta ya wanyama, hata katika maziwa ya mama. Mkataba wa Stockholm, uliotiwa sahihi mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004, umeikataza katika kilimo. Kama kitu kilichokuwa na jina na sifa kimetudanganya namna hiyo, tutasema nini juu ya unga usio na jina?

Kesho yake baba alimrudishia mwuzaji mfuko wake. Aliomba feza yake, akapewa nusu. Aliuliza pia jina la ile dawa, naye mwuzaji akajibu kwamba yeye mwenyewe aliinunua kwa gunia, bila kuambiwa.

Nilipita tena huko baada ya majuma matatu. Wengi hukosea hapa: hutazama majani ya zamani, na wakiona mabaka bado yapo husema kazi imeshindwa. Jani lililokwisha kupata baka halitakuwa zima tena. Tazameni kileleni. Kama majani machanga yanatoka ya kijani, mapana, bila alama, mmea umepona, hata ukiwa umevaa matambara chini. Kileleni mwa minyanya ya mama huyu palikuwa safi, na maua ya manjano yalikuwa yamefunguka. Miwili zaidi ya mstari wa chini ilikuwa imenyauka; aliing’oa bila kuningoja, baada ya binti yake kuipima katika gilasi. Ilibaki 41.

Tena alikuwa amefanya jambo ambalo sikumfundisha siku ile. Alichukua machipukizi ya kwapani katika mimea iliyo mizima kabisa ya mstari wa juu, akayachomeka katika makopo ya udongo mpya chini ya ukingo wa paa, akayamwagilia kidogo kila asubuhi. Saba yalikuwa yameshika mizizi. Alitaka kujua kama aweza kuyapanda mahali pa ile saba iliyokufa. Nikamwambia hapana, si pale. Ayapande upande wa pili wa nyumba, karibu na migomba, mahali ambapo nyanya hazijapata kulimwa. Jioni hiyohiyo watoto walianza kuchimba mashimo, sentimeta 60 kutoka moja mpaka jingine.

Juma lijalo tutatazama kabichi, na wale viwavi wa kijani ambao akina mama wengi wameniuliza habari zao.

Mwalimu wa Bustani